Kuinua na Kushusha Nyuma ya Gari kwa Mifuko ya Upepo Ndani ya Springi: Mwongozo Kamili

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: "Niliweka mifuko ya upepo ndani ya springi za nyuma za Probox yangu, gari likasimama vizuri na mzigo wake, lakini baada ya wiki tatu upande mmoja umelala." Wengi huulizia mfuko wa aina nyingine. Kwa mifuko niliyoifungua na kuikagua mwenyewe, kila mmoja ulikuwa mzima siku uliponunuliwa na uliuawa na ufungaji au matumizi. Ama ncha ya springi iliukwaruza, ama mpira wa kupitisha upepo ulipita karibu na ekzosi, ama ulijazwa kwa pampu ya kituo cha mafuta, ama ulitumika ukiwa mtupu. Ukizifuata hatua zilizo hapa chini bila kuruka, sababu hizo nne utakuwa umeziondoa.

Mfuko ninaouzungumzia ni silinda ya plastiki laini na ngumu kukatika, inayoingia katikati ya springi ya mviringo na kujazwa upepo kupitia valvu inayofanana na ya tairi. Ukiongeza upepo, nyuma ya gari inapanda; ukipunguza, inashuka. Kati ya njia zote za kupata kimo kinachobadilika, hii ndiyo ya bei nafuu zaidi ninayoweza kuipendekeza kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa springi na shokapu za gari zinabaki zilezile.

## Je, gari lako linafaa?

Ingia chini ya gari na uangalie nyuma. Ikiwa springi imesimama peke yake na shokapu iko pembeni yake, kama ilivyo kwenye Probox na Succeed za kizazi cha kwanza, unaweza kuendelea. Ikiwa shokapu inapita katikati ya springi, hakuna nafasi ya mfuko, na kazi hii haikuhusu. Hiace na pikapu zenye springi za majani hutumia mifuko ya muundo mwingine, inayokaa kati ya ekseli na chesisi.

Jambo moja lazima lieleweke kabla ya kutumia hata shilingi. Mfuko unarudisha kimo cha gari, lakini hauongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Probox ya mizigo ya kizazi cha kwanza ilisajiliwa Japani kubeba kilo 400 ikiwa na watu 2, au kilo 250 ikiwa na watu 5. Ekseli, beringi, tairi na breki zake zilipimwa kwa uzito huo. Gari lililopakiwa kilo 700 na kuinuliwa kwa upepo hadi likaonekana limesimama sawa ni hatari zaidi kuliko lile linaloonekana wazi kuwa limelemewa, kwa sababu dereva amepoteza ishara pekee iliyokuwa ikimwonya.

## Vifaa vinavyohitajika

Andaa vyote kabla ya kuinua gari, ili lisikae juu ya stendi usiku kucha ukitafuta kipande cha mpira.

- Mifuko 2 ya upepo, pamoja na visahani vyake vya kinga vya juu na chini.
- Mpira mwembamba wa kupitishia upepo, mita 5 hivi, na valvu 2, moja kwa kila upande.
- Kamba za plastiki za kubana, zisizopungua 20.
- Jeki ya magurudumu, stendi 2 imara za kushikilia gari, na vigingi vya kuzuia tairi.
- Spana na soketi za bolti za chini za shokapu, na mafuta ya kulegeza kutu.
- Brashi ya waya, tupa ndogo, msasa na rangi ya kuzuia kutu.
- Drili yenye keekee ya milimita 8.
- Wembe mkali, sabuni ya maji, na futi ya kupimia.
- Pampu ya mkono ya baiskeli na geji inayosoma vizuri kuanzia psi 0 hadi 40 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo, kama kwenye tairi).

Kuhusu mifuko yenyewe, ile ya Marekani inayojulikana, kama Air Lift 1000 na Firestone Coil-Rite, ina kiwango cha chini cha psi 5 na cha juu cha psi 35. Ile isiyo na jina kubwa inaweza kukufaa pia, mradi vipimo vyake vinalingana na springi yako na kiwango chake cha juu cha upepo kimeandikwa. Mfuko usioandikwa kiwango chochote urudishe dukani.

Usijaribu kubana pesa kwenye valvu. Wapo wanaounganisha mifuko yote miwili kwa kiungo cha njia tatu na kutumia valvu moja. Gari linapokata kona, uzito hulalia upande wa nje, na mfuko wa upande huo hubanwa na kusukuma upepo wake kwenda upande wa pili, yaani pale pale ulipohitajika kusaidia ndipo unapolegea. Gari hulala zaidi kwenye kona kuliko likiwa na mifuko isiyounganishwa.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua

Simamisha gari tupu mahali tambarare, tairi zote zikiwa na upepo wake wa kawaida. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la nyuma hadi ukingo wa fenda ulio juu yake, kushoto na kulia, na uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa kuwa tairi iliyopungua upepo itakudanganya.

Kisha pima upana wa ndani wa springi na urefu wa nafasi iliyo ndani yake, kutoka kikalio cha chini hadi cha juu. Ikiwa ndani ya springi kuna raba ya kizuizi inayoning'inia kutoka juu, pima hadi mwisho wa raba hiyo. Mfuko pamoja na visahani vyake uwe na urefu unaolingana na nafasi hiyo au upungue kidogo. Ukiwa mrefu, utakunjwa kila gari linapopita shimo, na mkunjo huo huo ndio utakaopasuka.

Tofauti ya zaidi ya sentimita 1.5 kati ya kushoto na kulia ni dalili ya springi iliyochoka au iliyovunjika. Ibadilishe kwanza, maana mfuko uliofungwa ndani ya springi iliyovunjika utachanwa na ncha yake.

## Hatua ya 2: Inua gari na ulisimamishe salama

Weka vigingi mbele na nyuma ya tairi za mbele. Kwa gari linalovutwa na tairi za mbele, breki ya mkono haitakusaidia hapa, kwa kuwa hushika tairi za nyuma ambazo muda si mrefu zitakuwa hewani. Weka gia ya P, au gia ya kwanza kwa gari la kukanyaga klachi.

Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, kisha inua nyuma na uweke stendi chini ya sehemu za bodi zilizoimarishwa kwa ajili ya jeki, wala si chini ya ekseli, kwa sababu ekseli ndiyo utakayoishusha. Toa tairi na uzisukume chini ya bodi kama akiba ya mwisho endapo stendi itateleza. Litikise gari kwa mikono. Likicheza, panga upya.

Mtu asiingize mwili wake chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

## Hatua ya 3: Shusha ekseli na utoe springi

Weka jeki chini ya ekseli na uipandishe mpaka iguse tu. Fungua bolti za chini za shokapu zote mbili, kisha shusha jeki polepole, kidogo kidogo, huku mtu wa pili akitazama mipira ya breki, kebo ya breki ya mkono na waya wa kihisi cha gurudumu kama upo. Vitu hivyo vikianza kukaza, simama. Fungua vishikizo vyao kwenye bodi ili vipate urefu zaidi. Mpira wa breki uliovutwa unaweza kupasuka ndani bila kuonyesha kitu nje, na utaligundua hilo siku utakayokanyaga breki kwa nguvu.

Springi italegea na kutoka kwa mkono. Ikiwa ekseli imeshuka mpaka mwisho na springi bado imebanwa, usiichokonoe kwa nondo, bali tafuta fundi mwenye kifaa cha kubania springi. Andika kwa chaki ipi ni ya kushoto na upande upi ulikuwa juu.

## Hatua ya 4: Safisha springi, hasa ncha zake

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naomba uipe muda wake. Mfuko ukijazwa hutanuka na kuegemea mizunguko ya springi kutoka ndani. Kila chembe ya kutu inakuwa msasa, na gari likitembea, msasa huo unafanya kazi maelfu ya mara kwa siku.

Mfuko wangu wa kwanza ulikufa hivyo. Nilipoutoa ulikuwa safi kabisa, isipokuwa mahali pamoja karibu na chini, penye mkwaruzo wenye umbo la mwezi mchanga, mwembamba kama ukucha. Niliurudisha ndani ya springi na kuuzungusha taratibu, na mkwaruzo ule ukakaa sawasawa juu ya ncha iliyokatwa ya waya wa springi, ambayo kiwandani huachwa na kona kali. Kidole changu kilipopita pale kilihisi ukali huo waziwazi. Dakika tano za tupa zingetosha kuuepusha.

Kwa hiyo ondoa kutu kwa brashi ya waya, lainisha ncha zote mbili kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwama, malizia kwa msasa, kisha paka rangi na uiache ikauke kabisa. Usipake grisi wala mafuta ya injini, kwa kuwa yanaweza kudhuru mifuko ya baadhi ya aina na hunasa mchanga.

Utajua umefaulu ukipitisha kitambaa chembamba ndani ya springi yote na kisikwame popote.

## Hatua ya 5: Ingiza mfuko

Toa upepo wote kwenye mfuko kwa kuukunja kama mkeka, kisha ziba mdomo wake ili ubaki bapa. Upake maji ya sabuni na uuingize katikati ya springi. Weka kisahani cha kinga chini na kingine juu, ili mfuko usisukumwe na kuingia kwenye tobo lililo katikati ya kikalio. Mdomo wa kuingizia upepo uuelekeze upande ulio mbali na ekzosi.

Raba ya kizuizi iliyomo ndani ya springi usiiondoe kwa kujirahisishia kazi. Kazi yake ni kuzuia chuma kisigonge chuma siku gari litakapodumbukia kwenye shimo likiwa na mzigo. Ikiwa maelekezo ya mfuko wako yanataka ipunguzwe, punguza kiasi kilichoandikwa na si zaidi.

Fungua mdomo wa mfuko uvute hewa na kurudi kwenye umbo lake. Mfuko uliokaa vizuri umesimama wima katikati, bila mkunjo.

## Hatua ya 6: Pitisha mpira wa upepo

Kata mpira kwa wembe mkali, mkato ulionyooka. Mkasi huubana na kuacha mdomo wenye umbo la yai, na hapo ndipo upepo huvuja kidogo kidogo usiku.

Upitishe juu ya chesisi, ukiufunga kwa kamba za plastiki kila baada ya sentimita 20 hivi, na uuweke mbali na ekzosi kwa angalau sentimita 15. Karibu na mfuko uuache ulegee kwa umbo la nusu duara, kwa sababu ekseli hupanda na kushuka huku bodi ikibaki, na mpira uliokazwa utachomoka kwenye mdomo wake. Usiufunge pamoja na bomba la breki.

Valvu zikae mahali mkono unapofika bila kupiga magoti kwenye tope. Nyuma ya bampa au karibu na kishikizo cha namba ya gari panafaa. Kabla ya kutoboa tobo la milimita 8, angalia upande wa pili wa bati kama kuna waya, tanki au bomba la mafuta. Valvu nyingi za mifuko hii huingia kwenye tobo la kipimo hicho, lakini linganisha na yako. Paka rangi ukingo wa tobo, maana bati tupu hushika kutu, na kwa gari la pwani kutu haichelewi. Ziandike valvu: kushoto, kulia.

## Hatua ya 7: Rudisha springi na ukaze bolti kwa mpangilio

Rudisha springi kwenye vikalio vyake, ncha ya chini ikikaa kwenye sehemu yake ya kuishia. Tia mfuko psi 5 kabla ya kupandisha ekseli, ili usibanwe ukiwa bapa. Pandisha ekseli, rudisha bolti za shokapu, lakini zikaze kwa mkono tu.

Rudisha tairi, shusha gari chini likae kwa uzito wake wote, kisha ndipo ukaze bolti za shokapu kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Bushi ya raba iliyokazwa ekseli ikiwa inaning'inia inabaki imejikunja kila siku gari likiwa chini, na hupasuka mapema. Vishikizo vyote ulivyofungua kwenye mipira ya breki virudishe sasa.

## Hatua ya 8: Jaza na upime uvujaji

Tumia pampu ya baiskeli. Mfuko una ujazo mdogo mno ukilinganisha na tairi, na pampu ya kituo cha mafuta inaweza kuuvusha psi 35 kabla hujaondoa kidole. Zaidi ya hayo, kila unapoweka geji, upepo kidogo hutoka, na kwa chombo kidogo hivyo unaweza kupoteza psi 1 au 2 kwa kupima tu. Kwa hiyo jaza zaidi kidogo ya unachotaka, pima mara moja, funga kifuniko.

Panda hadi psi 20, paka maji ya sabuni kwenye valvu na kila kiungo, na utazame kwa dakika kadhaa. Kisha acha gari usiku mzima. Asubuhi, ikiwa bado lina psi 18 au 19, umefaulu. Likiwa na psi 12, kuna kiungo kinachovuja, na karibu kila mara ni mkato wa mpira uliopinda.

## Hatua ya 9: Weka upepo kulingana na mzigo

Pakia gari kwanza. Kisha ongeza upepo kidogo kidogo, kushoto na kulia kwa zamu, mpaka kipimo cha kitovu hadi fenda kirudi kwenye namba uliyoiandika gari likiwa tupu, au kipungue kwa sentimita 1 hadi 2. Simama hapo. Lengo ni kimo cha kawaida. Gari lililonyanyuliwa kupita hapo lina shokapu zilizokaribia mwisho wa kunyooka, na litaruka kwenye kila tuta.

Hesabu ndogo itakusaidia kujua unatarajia nini. Mfuko wenye kipenyo cha sentimita 10 una eneo la sentimita 78 hivi za mraba. Kwa psi 20 unasukuma kwa takriban kilo 110, na kwa psi 35 kwa takriban kilo 190. Mifuko miwili kwa psi 20 inabeba, kwa makadirio, kilo 220. Ukiona unahitaji psi 35 kurudisha kimo, mzigo wako ndio wa kupunguzwa.

Ukishusha mzigo, rudisha psi 5 hadi 8 kabla ya safari ya kurudi. Usishuke chini ya psi 5 hata gari likiwa tupu, kwani mfuko uliolegea hujikunja, hunaswa kati ya mizunguko ya springi na kukatwa.

## Breki na taa

Baadhi ya gari za mizigo zina valvu ya breki inayosoma uzito kupitia kijiti kinachounganisha bodi na ekseli. Bodi ikishuka, valvu inaelewa kuwa kuna mzigo na kuongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua bodi kwa upepo huku mzigo ukiwa ndani, valvu inadhani gari ni tupu na breki za nyuma zinapungua. Tafuta kijiti hicho juu ya ekseli. Kama kipo, fundi wa breki akirekebishe kabla gari halijabeba mzigo, na ujaribu breki taratibu kwenye barabara tupu.

Taa za mbele nazo zipimwe usiku ukutani, gari likiwa tupu na kisha likiwa na mzigo. Kimo kikiwa kimerudi sawasawa, mwanga utaangukia mahali palepale, na hutawapofusha madereva unaopishana nao.

## Kasoro zinazojitokeza baadaye

Upande mmoja ukilala ndani ya siku moja au mbili, anza na valvu. Kaza pini yake ya ndani na upake maji ya sabuni. Ikiwa valvu haitoi povu, fuata mpira hadi ekzosi utafute mahali panapong'aa au palipolainika.

Mlio wa kusugua unaosikika kwenye matuta pekee maana yake ni kisahani kilichohama au mfuko uliosimama upande. Inua gari na uuweke upya siku hiyo hiyo, kwa kuwa mkwaruzo umekwisha kuanza.

Nyuma ikiwa ngumu na ya kurukaruka, pima upepo gari likiwa tupu. Ikiwa upepo uko sahihi na bado linaruka, bonyeza kona ya nyuma kwa nguvu na uachie. Gari likipanda na kushuka zaidi ya mara moja na nusu, shokapu zimechoka, na kwa shokapu zilizochoka hakuna kiwango cha upepo kitakachokupa safari nzuri.

Pima upepo kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi, asubuhi gari likiwa halijatembea. Baada ya kilomita 1,000 za kwanza rudia kukagua bolti za shokapu, kamba za plastiki, na ncha ya chini ya springi pale inapogusana na mfuko.